Jinsi ya kuendesha duka la familia la nguo za harusi Dar es Salaam likavuka miaka

Kila mwaka Sinza na Kinondoni hufunguliwa maduka mapya ya maharusi, na kila mwaka mengine hufungwa kimya kimya, magauni yakauzwa kwa bei ya kutupa. Wenyewe huja kuniuliza swali lilelile: wateja walikuwepo, Jumamosi zilijaa, mbona hela haikuonekana?

Karibu kila mara hela imepitia matundu matatu. Tarehe zimegongana, gauni limerudi limeharibika na hakuna wa kulilipia, au droo ya duka imegeuka pochi ya ukoo. Kuongeza magauni hakuzibi hata tundu moja. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Magauni 12 hadi 15 ya kukodisha, mengi yakiwa ya kufunga kwa kamba mgongoni. Zipu inamkubali mtu wa saizi moja, kamba zinawakubali watu wa saizi tatu.
- Suti chache za rangi zinazotoka sana (nyeusi, bluu iliyoiva, kijivu), pamoja na kanzu na joho kwa maharusi Waislamu.
- Daftari moja kubwa la tarehe, la karatasi. Moja tu, lisilotoka dukani.
- Kitabu cha mikataba chenye nakala ya kaboni.
- Cherehani imara, ovaloki na pasi ya mvuke.
- Mabeseni mawili makubwa ya plastiki, sabuni laini ya maji, sabuni ya vyombo na miswaki laini ya meno.
- Henga pana za plastiki au mbao. Za waya usiziingize dukani: upepo wa bahari wa mji huu huzitia kutu, na kutu kwenye lesi nyeupe ni hasara.
- Mifuko mirefu ya kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi) ya kufunikia magauni.
- Kioo kirefu, pazia zito, kigoda kipana cha kusimamia na feni.
- Laini ya malipo ya simu na akaunti ya benki kwa jina la duka.

## Hatua ya 1: Karatasi na pango

Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA (Mamlaka ya Mapato), kisha leseni ya manispaa unakofanyia kazi. Duka la Sinza liko chini ya Manispaa ya Ubungo na la Kariakoo liko chini ya Jiji. Watu hupoteza siku nzima kwenye foleni ya ofisi isiyowahusu. Mashine ya risiti ulizia TRA siku hiyohiyo.

Tahadhari moja ambayo wengi huijua wakiwa wameshachelewa: mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini, mkubaliane kama kiasi anachokitaja ni kabla ya makato au baada yake. Usipokata, deni hilo litakuja kudaiwa kwako.

## Hatua ya 2: Chora mwaka mzima kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo maduka mengi yanapoanza kufa bila mwenyewe kujua. Biashara hii inafuata kalenda ya kanisa, ya msikiti na ya mvua.

Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa. Ramadhani nayo ndoa hupungua sana. Mwaka 2025 na 2026 vipindi hivi viwili vimeangukia karibu pamoja: mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni Februari 18, na Ramadhani inaanza wiki hiyohiyo. Hiyo maana yake ni wiki kadhaa ambazo Wakristo na Waislamu wote wamekaa, huku kodi ya pango ikiendelea kuhesabiwa. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda vipindi hivi vitaachana. Lazima uchore upya kila mwaka.

Baada ya Idi, Mfungo Mosi (mwezi unaofuata Ramadhani) huleta ndoa nyingi kwa mpigo. Baada ya Pasaka nako kunachangamka, ila ni katikati ya masika. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kazi. Desemba ni msimu wa pekee, kwa sababu magauni husafiri: familia nyingi za Dar hurudi Moshi na mikoa mingine, na harusi hufanyika huko kati ya Krismasi na mwaka mpya.

Chora basi kalenda yako hivi:

1. Andika Jumamosi zote za mwaka, pamoja na Ijumaa na Jumapili zake.
2. Paka rangi wiki za Kwaresima, Ramadhani na Majilio (wiki nne kabla ya Krismasi).
3. Kwenye wiki hizo andika kazi za ndani: kubadilisha bitana, kurudishia shanga, kuagiza mzigo.
4. Piga hesabu ya pango na mishahara ya wiki hizo, na uitenge kutoka mapato ya Desemba kabla hujanunua gauni jipya hata moja.

Ukifanikiwa, Februari itakukuta na kodi ya Machi iko benki, na fundi wako ana kazi ya kufanya badala ya kuchezea simu.

## Hatua ya 3: Nunua mzigo kwa hesabu

Fanya hesabu ya gauni moja kwanza. Tuseme umelinunua shilingi 900,000 na unalikodisha kwa 250,000. Kufua, marekebisho, umeme na sehemu yake ya pango vinakula, tuseme, 70,000 kila linapotoka. Linakubakizia 180,000, kwa hiyo linarudisha hela yake likitoka mara ya tano. Faida inaanza safari ya sita. Sasa jiulize: gauni hili lina nguvu ya kutoka mara kumi?

Swali hilo hujibiwa kwa vidole. Geuza gauni ndani nje. Shanga zilizoshonwa zina uzi nyuma yake. Zilizogundishwa kwa gundi hazina, na hizo huachia kwenye maji ya moto. Vuta mshono wa ubavuni: akiba ya kitambaa iwe angalau sentimita tatu kila upande, la sivyo bibi harusi mwenye mwili hatalivaa kamwe. Angalia bitana iliyogusana na ngozi. Ya pamba au yenye pamba ndani inavumilia jasho la mji huu kuliko ya nailoni tupu.

Wa kuagiza China au Uturuki wakumbuke kuwa mzigo wa meli unaweza kuchukua zaidi ya miezi miwili mpaka utoke bandarini. Usimwahidi mteja gauni lililo baharini.

Na usisahau wanaotaka kujistiri. Gauni la mikono mirefu, shingo iliyofungwa na bitana isiyoonyesha mwili linavaliwa na Waislamu, na bibi harusi wa kanisani huliomba vilevile, kwa kuwa makanisa mengi hayapendi mabega wazi. Gauni la namna hiyo halikai kwenye henga.

## Hatua ya 4: Mpokee na umpime

Weka viti vitatu tu vya wasindikizaji. Atakuja na mama, shangazi, msimamizi wake na marafiki wawili, na kila mmoja ana harusi yake kichwani. Mimi husema kwa heshima, "Mama, shikamoo, karibuni sana. Naomba bibi harusi aseme kwanza, halafu tutawasikiliza wakubwa." Sijaona mama aliyekasirika akiombwa hivyo mbele ya wageni.

Muulize mambo manne: tarehe, mahali, dini ya ibada, na nani analipa. Kisha ingia naye nyuma ya pazia, peke yenu, umuulize kwa sauti ya chini kama kuna jambo la mwili wake fundi anapaswa kulijua. Mjamzito atakwambia hapo, na hatakwambia mbele ya shangazi yake. Mchagulie gauni linaloanza kupanuka chini ya matiti, na jambo hilo liishie nyuma ya pazia. Msichana wa duka akilitoa nje, mwachishe kazi siku hiyohiyo. Katika hili sina huruma.

Vipimo vichukuliwe na mtu mmoja, akiita namba, na mwingine akiandika:

- kifua, chini ya matiti, kiuno, nyonga
- bega hadi kiuno, mbele na nyuma
- unene wa mkono wa juu
- kiuno hadi sakafuni, akiwa amevaa viatu vya siku yenyewe

Hicho cha mwisho ndicho kinachoharibu harusi za watu. Bibi harusi anapimwa na ndala, kisha Jumamosi anavaa kisigino cha sentimita kumi, pindo linaning'inia juu ya vifundo. Au anapimwa na kisigino, miguu inauma, anavaa flati ukumbini, na gauni linakuwa ufagio. Hana viatu bado? Usiandike kipimo cha urefu. Acha nafasi wazi na umpe tarehe ya kurudi navyo.

Akishavaa gauni, usiridhike na kumwona amesimama mbele ya kioo. Mwambie akae, ainue mikono yote miwili, apande kigoda na kushuka, kisha mwekee muziki acheze. Harusi za kwetu watu huingia ukumbini wakicheza. Gauni lisiloruhusu hatua nne za kucheza limeshindwa. Mbele, pindo likae sentimita moja au mbili juu ya sakafu. Mkia mrefu uwekewe vitanzi na vifungo vya ndani vya kuuinulia baada ya kanisani.

## Hatua ya 5: Tarehe, mkataba na malipo

Kabla ya kupokea hata shilingi, fungua daftari. Gauni la harusi ya Jumamosi hii haliandikiwi Jumamosi inayofuata. Linarudi Jumatatu, linafuliwa Jumanne, linakauka Jumatano kama mvua imekubali, na likikutwa na kasoro huna siku ya kuishona. Liruke wiki moja. Likisafiri mkoani liruke mbili, na bei ifidie wiki hizo zote.

Wengi hukataa sheria hii kwa kuona wanapoteza mapato. Piga hesabu ya siku gauni litakapochelewa kutoka Mbeya huku bibi harusi mwingine amekaa saluni analisubiri. Utamrudishia hela yote, na mtaa wake wote utajua.

Mkataba uwe na haya:

- Jina na namba ya simu ya mvaaji, na ya mlipaji. Mara nyingi mlipaji ni kamati ya harusi. Andika mweka hazina wake.
- Kila kipande kinachotoka: gauni, veli, taji, sketi ya ndani, glavu.
- Nusu ya malipo kushika tarehe, nusu ya pili kabla gauni halijavuka mlango. Harusi ikishapita, kamati imevunjwa, mweka hazina hapokei simu, na maharusi hawana kitu.
- Dhamana, iandikwe peke yake mbali na kodi ya gauni, irudishwe ndani ya siku mbili baada ya ukaguzi kwa namba ileile iliyoituma.
- Harusi ikiahirishwa. Kwetu misiba hutokea, na mazungumzo ya mahari hukwama. Ruhusu kusogeza tarehe mara moja bila faini, taarifa ikitolewa mapema.
- Ruhusa ya picha, yenye sahihi yake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kumbandika bibi harusi mtandaoni bila idhini yake ni zaidi ya ukosefu wa adabu.

Wateja wa haraka nao wana mantiki yao. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wachumba watoe taarifa angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu. Kwa hiyo karibu kila mtu huwa na wiki tatu mkononi. Anayekuja amebakiwa na siku nne, mara nyingi duka jingine limemwangusha. Mpokee, mpe gauni la kamba mgongoni lisilohitaji fundi, wala usimkomoe kwa bei. Huyo ndiye atakayekuletea wadogo zake.

## Hatua ya 6: Rekebisha bila kukata

Gauni la kukodisha halikatwi. Pindo hupandishwa kwa kushikiza kwa mkono, ubavu hupunguzwa kwa mshono mrefu unaofumuka kwa urahisi. Tumia uzi wa rangi tofauti kidogo upande wa ndani, ili Jumanne fundi aone mara moja ni mshono upi wa muda na upi wa asili. Ukikata sentimita tano kwa ajili ya mteja mmoja, umewafungia mlango wote warefu watakaokuja.

Fitingi ya mwisho iwe siku saba hadi kumi kabla ya harusi. Mapema zaidi ya hapo mwili unabadilika. Wanaokimbizana na maandalizi hupungua, wanaofungiwa ndani kwa mapishi ya nyumbani huongezeka.

## Hatua ya 7: Gauni litoke Alhamisi

Jumamosi asubuhi usikabidhi gauni, hata uombwe vipi. Masika barabara ya Jangwani ikijaa maji na kufungwa, mteja wa Kimara na duka lako la Kariakoo mnakuwa nchi mbili. Toa Alhamisi, Ijumaa ibaki ya dharura.

Mkabidhi mtu mzima mmoja mwenye jina kwenye mkataba, mkihesabu vipande pamoja. Mpe na kifurushi kidogo: sindano yenye uzi mweupe, pini tano za usalama, vifungo viwili vya akiba, kitambaa cheupe cha kufutia. Mfundishe msimamizi kufunga kamba za mgongoni na kuinua mkia mpaka afanye mwenyewe mbele yako.

## Hatua ya 8: Jumatatu

Kama ungeweza kufanya hatua moja tu vizuri katika mwongozo huu wote, ningekuomba iwe hii.

Gauni linalorudi lilazwe mezani penye mwanga wa dirisha, aliyelirudisha akiwa bado amesimama hapo. Anza shingoni: vipodozi. Kwapani: jasho na poda. Zipu na kamba. Kiunoni, mahali mkono wa bwana harusi umeshika usiku mzima. Kisha pindo, inchi kwa inchi, maana visigino vya viatu huchana neti ya chini na tundu halionekani mpaka uishike kwa mwanga. Hesabu vipande. Andika, asaini, ndipo aondoke.

Doa la hatari zaidi ni lile usiloliona. Soda nyeupe na shampeni hukauka bila rangi, gauni linaonekana safi, unalitundika. Baada ya wiki kadhaa, au pasi ikilipitia, sukari ile inageuka kahawia na haitoki tena. Pitisha kiganja mbele ya gauni lote. Panaponata au kukakamaa pana sukari, na hata usipohisi kitu, suuza mbele yote.

Kufua kuende hivi:

1. Jaribu sabuni kwenye mshono wa ndani, subiri dakika kumi. Rangi ikitoka au shanga ikilegea, safisha kwa kitambaa tu.
2. Vipodozi: tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini, kutoka nje ya doa kuelekea ndani.
3. Damu: maji baridi pekee. Ya moto huigandisha.
4. Pindo lenye udongo mwekundu: liache likauke kabisa, likung'ute, ndipo uloweke. Ukiliwahi likiwa bichi unausukuma udongo ndani ya nyuzi.
5. Loweka gauni kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini. Bonyeza, usisugue wala usikamue.
6. Suuza mpaka maji yawe maangavu. Sabuni iliyobaki nayo huleta umanjano.
7. Anika kivulini penye upepo, limegeuzwa ndani nje, uzito wake ukibebwa na kamba mbili au meza ya wavu.

Jiki (dawa ya kung'arisha nguo) iweke mbali na magauni. Klorini hugeuza vitambaa vingi vya kisasa kuwa vya njano na hula hariri. Pasi iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa cheupe cha pamba.

Ukifanikiwa, kufikia Jumatano jioni dhamana imerudishwa au imekatwa kwa maandishi, na gauni liko tayari kurudi kwenye mfuko wake.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi

Adui hapa ni unyevu. Mifuko ya nailoni hufungia jasho la kitambaa na kuleta ukungu. Ya marekani inapumua. Gauni zito la shanga litundikwe kwa tepe za ndani za kiunoni, kwa sababu mabega yake hunyooka likining'inizwa kwayo, au lilazwe kwenye sanduku likiwa na karatasi nyeupe katikati ya mikunjo. Wakati wa masika fungua mifuko yote mara moja kwa wiki, washa feni, nusa. Harufu hutangulia madoa ya ukungu.

## Hatua ya 10: Familia

Duka la familia lina nguvu ambayo la kuajiri halina. Mama anajua kuzungumza na mama, binti anajua mitindo, kaka anapima suti. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayejua hela ni ya nani.

Kila anayefanya kazi alipwe mshahara, hata kama ni mdogo, hata kama ni mtoto wako. Asiyelipwa hujilipa kwenye droo. Mauzo yote yaingie kwenye laini ya duka au benki siku hiyohiyo, na matumizi ya nyumbani yatoke kwenye mshahara wa mtu. Ada ya shule isitoke kwenye dhamana za wateja. Hizo hela bado ni zao.

Bei ya ndugu iandikwe ukutani, nyuma ya kaunta. Sisi tulikubaliana hivi: ndugu wa damu analipa nusu, anaweka dhamana kamili kama mtu yeyote, na hapewi gauni la Jumamosi za Desemba. Mtu akija na "mimi si binamu yako?", binti wa kaunta anaonyesha karatasi na undugu unabaki salama. Gauni la bure kwa ukoo hutoka bila mkataba, hurudi likiwa limechanika, na hakuna wa kuulizwa.

Gawaneni funguo za kazi kwa majina: mmoja ana daftari la tarehe, mmoja hela, mmoja meza ya Jumatatu. Kila baada ya miezi sita badilishaneni kwa wiki mbili, ili mama akiugua au dada akijifungua duka lisisimame.

Halafu lipo jambo ambalo familia nyingi huliogopa. Jina lililo BRELA ni la nani? Akifariki, duka linaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba na shamba, na magauni hufungiwa wakati wakubwa wakijadiliana. Kaeni mkiwa wazima, na mwanasheria mezani, muandike nani ana sehemu gani na nani ataendelea kuendesha. Mkiona biashara imekua, isajilini kama kampuni yenye hisa kwa kila anayehusika. Mikataba ya wateja ambao tarehe zao hazijafika itajwe humo pia, kwamba itatimizwa na anayebaki, lolote litokealo.